Homu thieta ya mamilioni: maswali ninayoulizwa kila mara na wateja wa Tabora

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mifumo ya sauti majumbani, hapa Tabora mjini na mara nyingine Nzega, Urambo na Sikonge. Maswali ni yale yale, anayeuliza awe wa Isevya au Cheyo, awe mkulima aliyeuza tumbaku vizuri au mtumishi aliyepata mkopo. Nimeyaandika hapa na majibu yake ili mtu asome kwanza, akipiga simu tuanzie mbele.

Fundi, niambie moja kwa moja. Homu thieta ya milioni 40 au 50 inalipa?

Kwa sebule nyingi nilizoingia, hailipi. Ukitoka kwenye sabufa ya laki na ushee ukaingia kwenye mfumo mzuri wa milioni 3 au 4, tofauti ataisikia hata bibi aliyekaa uani. Ukitoka milioni 4 ukaenda 10, utaisikia ukikaa na kutulia. Ukitoka 10 ukaenda 50, katika chumba ambacho hakijaandaliwa, utakachopata zaidi ni cha macho: mbao nzuri, chuma kizito, taa ya buluu. Sauti yenyewe kuta zitakuwa zimeshaivuruga kabla haijafika masikioni. Hela ya namna hiyo huanza kuwa na maana chumba kikishatengenezwa, ndiyo maana utaona nimeongea sana kuhusu chumba kuliko mashine.

Hizo za bei mbaya zinafika wapi hasa?

Hazina kikomo. Kampuni ya Marekani ya Wilson Audio ina spika zinazoitwa WAMM Master Chronosonic, na jozi moja ilitoka kwa zaidi ya dola 600,000. Kuna vichakataji vya sauti, yaani mashine za kupanga sauti ya kila spika, vya Trinnov kutoka Ufaransa ambavyo peke yake, bila spika hata moja, vinagharimu kuliko gari zuri la mtumba. Mfumo wa Dolby Atmos, ulioingia kumbi za sinema mwaka 2012 na majumbani mwaka 2014, unaruhusu nyumba kuwa na spika hadi 34: 24 usawa wa masikio na 10 juu kwenye dari. Sijawahi kuufunga mzima, na sijui nyumba ya Tabora yenye sebule ya kuubeba.

5.1 na 7.1.4 ndiyo nini?

Namba ya kwanza ni spika zinazokuzunguka usawa wa masikio. Ya pili ni sabufa, yaani spika maalumu ya besi. Ya tatu, kama ipo, ni spika za juu. Kwa hiyo 5.1 ni tatu za mbele (kushoto, kati, kulia), mbili za pembeni kuelekea nyuma, na sabufa moja. Spika ya kati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji. Watu huibana ndani ya kabati la TV nyuma ya picha za harusi, halafu wananiita kulalamika kwamba hawasikii mazungumzo.

Sabufa yangu imeandikwa wati 10,000. Kwa nini unaniletea risiva (mashine ya kuendesha spika) ya wati 100 kwa bei mara kumi?

Swali hili ningeweza kulijibu nikiwa usingizini. Geuza sabufa yako, angalia nyuma karibu na waya wa umeme. Mara nyingi utakuta kijibandiko kidogo kinachosema inakula wati 40, 60, labda 80. Mashine haiwezi kutoa nguvu ambayo haijaingiza. Hizo 10,000 za kwenye boksi ni PMPO, namba isiyo na kipimo chochote kinachotambulika. Kila kiwanda hujiandikia inayompendeza.

Kuna njia nyingine ya kuhakiki. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampia 13 kwa mkubwa wake. Zidisha kwa volti 230: unapata wati 2,990. Hapo ndipo mwisho wa kila kitu kinachochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, pasi na birika vikiwemo. Sabufa ya wati 10,000 ingekata fyuzi kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio.

Namba ya kuulizia dukani ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Tena uliza: RMS kwa ohmu (kipimo cha ukinzani wa spika) ngapi, na chaneli, yaani njia za spika, ngapi zikifanya kazi kwa pamoja? Muuzaji akianza kuangalia dari, umeshapata jibu.

Basi mimi nahitaji wati ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Chukua spika ya kawaida yenye uwezo wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 88 kwa wati moja, ukiipima mita moja mbele yake. Ukikaa mita tatu, sauti inapungua kama desibeli 9 au 10, ila kuta zinakurudishia kidogo, kwa hiyo wati moja tu inakupa karibu desibeli 80. Hiyo ni sauti kubwa. Mtu anayeongea naye sebuleni yuko kwenye 60. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zinavumilika kwa saa 40 kwa wiki, na ukipanda juu ya hapo saa zinapungua haraka.

Sasa hesabu ya wati ina ujanja wake. Ukitaka sauti ipande desibeli 10, ambayo sikio huihisi kama imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi. Wati 10 zinakupa 90, wati 100 zinakupa 100. Kutoka risiva ya wati 80 kwenda ya 160 unaongeza desibeli 3 tu. Ukifumba macho huenda usijue nimebadilisha nini.

Hapa lakini niwape haki watu wa vifaa ghali. Viwango vya sinema vinataka kila chaneli ya mbele ifike desibeli 105 pale mlipuko unapotokea, na besi ifike 115. Ili spika ile ya 88 ifike 105 ukiwa mita tatu, unahitaji wati 300 hivi, na spika nyingi ndogo zitakoroma au zitaungua kabla. Spika kubwa zenye uwezo wa desibeli 96 au zaidi zinafika huko bila kutoa jasho. Mtu anayetaka mlio wa radi ya kwenye filamu uwe radi kweli, anazilipia kwa sababu ya haki. Nani anataka hivyo saa tatu usiku, watoto wamelala chumba cha pili? Wapo. Wachache.

Nimejenga vizuri: marumaru chini, jipsamu juu, madirisha makubwa ya alumini. Kwa nini sauti inapigapiga na maneno hayaeleweki?

Kwa sababu umejenga vizuri. Sebule za siku hizi ni ngumu kila upande. Marumaru, vioo, plasta iliyosuguliwa hadi ikawa laini, meza ya kioo katikati. Sauti ikitoka kwenye spika inagonga, inarudi, inagonga tena, na neno la kwanza linakuwa bado linazunguka chumbani wakati la tatu limeshatoka. Piga makofi mara moja katikati ya sebule kabla hujaingiza samani. Ukisikia mlio mkali wa kutetemeka ukikufuata, hiyo ndiyo shida yako, na hakuna spika ya bei yoyote itakayoiondoa. Spika bora zaidi itakupa mwangwi bora zaidi, basi.

Chumba kizuri cha filamu sauti huzimika ndani ya sekunde 0.3 hadi 0.5. Kufika huko hakuhitaji mamilioni. Anza na zulia nene, liwe kati ya kochi na spika za mbele, maana sakafu ndiyo inayorudisha sauti ya kwanza. Mapazia yawe mazito, yafike chini, na yawe na mikunjo. Pazia jepesi la kung'aa ni urembo tu. Makochi ya kitambaa yanasaidia kuliko ya ngozi. Ukuta wa nyuma weka rafu yenye vitabu na vitu visivyolingana, sauti ikigonga pale inatawanyika.

Kisha fanya jambo moja la kitaalamu. Kaa mahali pako pa kawaida, mwambie mtoto atembeze kioo ukutani, upande wa kushoto halafu wa kulia. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Weka hapo fremu ya mbao yenye unene wa sentimeta 10, ijazwe kitu kizito chenye nyuzi, sufi ya madini ukiipata, au mablanketi ya zamani yaliyokunjwa vizuri, halafu ivishwe kitenge. Mama mmoja wa Kanyenye alichagua kitenge cha rangi ya makochi yake, na wageni wakadhani ni picha ya ukutani.

Trei za mayai je? Studio nyingi wanaweka.

Ziache kwa mayai. Karatasi nyembamba kiasi kile inanyonya kidogo tu masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, haigusi besi, haizuii sauti kutoka kwenda kwa jirani, na moto ukitokea inawaka haraka sana.

Mvua ikinyesha sisikii kitu. Nikiongeza spika kubwa itasaidia?

Bati likipigwa na mvua ya Januari hakuna mashine ya kushindana nalo kwa heshima. Kama bado unajenga, hapo ndipo pa kutupia hela: sufi juu ya dari kabla ya kufunga jipsamu, na dari isiyoshikamana moja kwa moja na kenchi. Utapata na nafuu ya joto.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kelele za ndani, kuna feni. Mwezi wa tisa na wa kumi hapa hakuna anayekaa bila feni na madirisha wazi. Feni ya dari ikiwa mwendo wa juu huweza kufika desibeli 50. Vile vitu vidogo ambavyo spika ya milioni 20 inajivunia kuvitoa, pumzi ya mwigizaji, majani yanayosogea, viko chini ya hapo. Umevilipia, feni imevifunika. Nyumba iliyo jirani na reli ina hesabu yake nyingine, treni inaleta besi yake bure.

Besi inavuma sana kwenye kochi moja, kwenye jingine haipo kabisa. Sabufa ni mbovu?

Sabufa ni nzima. Tatizo ni urefu wa chumba na urefu wa wimbi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Besi ya masafa ya hezi 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, ina wimbi la mita 10 hivi, na chumba cha urefu wa mita 5 kinaingiza nusu yake kamili. Basi wimbi linagonga ukuta wa mbele na wa nyuma na kujirundika: kwenye kuta besi inanguruma, katikati ya chumba inakufa. Upana wa mita 4 unafanya vivyo hivyo kwenye hezi 43. Chumba cha mraba, 4 kwa 4, ndicho kibaya zaidi kwa sababu pande mbili zinasumbua masafa yale yale. Kama ramani ya nyumba bado iko kwa mchoraji, mwambie sebule isiwe mraba.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Weka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu pita umeinama kando ya kuta ukisikiliza. Pale besi inaposikika sawasawa, bila kuvuma na bila kupotea, ndipo sabufa ikae. Majirani wakikuchungulia dirishani wakati unatambaa, waelezee.

Dawa ya pili ni sabufa mbili za wastani badala ya moja kubwa, moja mbele na moja nyuma. Zinazibiana kasoro za chumba. Sabufa mbili za milioni moja moja, zikipangwa vizuri, naziamini kuliko moja ya milioni sita iliyotupwa kwenye kona kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi.

Dawa ya tatu ni risiva yenye mikrofoni ya kupimia chumba, iwe kwa programu ya Audyssey au Dirac. Unaweka mikrofoni mahali pa vichwa vya watu, mashine inatoa milio, inajipanga yenyewe. Inasaidia sana kwenye besi. Haiwezi kuondoa mwangwi wa marumaru.

Spika ghali zina tofauti ya kweli, au ni jina?

Zote mbili. Floyd Toole alianza kupima jambo hili katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, baadaye akaendelea na Sean Olive kwenye kampuni ya Harman ya Marekani. Waliwaweka watu nyuma ya pazia wasione spika zipi zinapiga, zote zikiwa na sauti sawa. Watu wengi, wenye mafunzo na wasio nayo, walipenda spika za aina moja: zile zinazotoa masafa yote kwa usawa, na zinazofanya hivyo hata ukikaa pembeni yake. Mwaka 1994 walionyesha pia kwamba pazia likiondolewa maoni yanabadilika. Spika kubwa za sura nzuri zikapanda alama, na mfumo mdogo wa plastiki ambao gizani ulikuwa umependwa ukashuka.

Mimi nachukua mafunzo mawili hapo. Uzuri wa spika unapimika, na vipimo vyake vingi viko wazi mtandaoni. Na usinunue spika ambayo umeisikiliza mara moja tu dukani huku muuzaji akikutajia bei.

Amplifaya na waya vina tofauti kubwa?

Kidogo kuliko spika, na kidogo mno kuliko chumba. Mmarekani Richard Clark aliweka zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote atakayetofautisha amplifaya mbili kwa masikio, zikiwa zimelinganishwa sauti na hazijazidiwa nguvu. Wengi walijaribu, zawadi haikuchukuliwa. Nunua yenye nguvu ya kutosha spika zako, isiyochemka, na ambayo spea zake fundi anaweza kuzipata.

Waya wa spika: shaba halisi ya milimita 2.5 za mraba, ile ya fundi umeme, inatosha sebule yoyote. Kwa mita 10, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni kama ohmu 0.14, wakati spika yenyewe ni ohmu 6 au 8. Kuwa macho na waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu tu. Kwangua uone ndani. Waya wa HDMI wa bei ya juu haukupi picha wala sauti nzuri zaidi. Ishara yake ni ya kidijitali: ikifika imefika, isipofika utaona picha inakatika.

Sisi tunaangalia mpira, tamthilia, na filamu zilizotafsiriwa. Tunahitaji Atmos?

Asante kwa ukweli. Filamu ambayo mtafsiri ameingiza sauti yake juu ya ile ya asili huja ikiwa na chaneli mbili, mara nyingine moja iliyorudufiwa. Spika za darini hazina cha kupiga hapo. Risiva itabuni tu. Muziki wa zamani wa bendi, uliorekodiwa kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kwa kanda za sumaku, hauna mambo ya kuzunguka kichwani, na unapendeza kwenye spika mbili nzuri za mbele kuliko kwenye spika kumi na moja. Mpira unataka sauti ya mtangazaji iwe safi na uwanja usikike kwa upana. Spika tatu za mbele zinamaliza.

Atmos utaipata kwenye diski za Blu-ray na kwenye huduma za mtandaoni. Netflix wanaitoa kwenye kifurushi chao cha juu, na picha ya 4K inaweza kula GB 7 kwa saa moja. Piga hesabu ya bando lako kwanza. Sauti ya mtandaoni pia hubanwa ili ipite. Ya diski za Blu-ray inaweza kuja kamili bila kupunguzwa. Mtu ananunua mfumo wa milioni 30 kisha anaulisha faili lililopitia simu tano kwa WhatsApp.

Saundiba inatosha?

Kwa chumba kidogo, au nyumba ya kupanga ambayo hutaki kutoboa kuta, ndiyo. Ni spika moja ndefu inayokaa chini ya TV. Chagua yenye sabufa ya pembeni na tundu la HDMI ARC, linalopokea sauti kutoka kwenye TV.

Umeme wetu unavyocheza, mali ya mamilioni itapona?

Usipoilinda, haitapona muda mrefu. Ninavyoletewa mezani, vingi vimekufa kwa umeme kuliko kwa uzee. Umeme ukikatika, hatari kubwa iko pale unaporudi, kwa hiyo kifaa kinachochelewesha kuwasha kwa dakika chache ni cha lazima, na kina bei ndogo. Stebilaiza iwe na uwezo mara mbili ya matumizi ya mfumo wako. Ukitumia inveta, iwe ya wimbi safi. Zile za wimbi la kukatwakatwa huleta mlio wa kuvuma kwenye spika na huchemsha transfoma.

Radi ni habari nyingine. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na una radi za kweli. Kifaa cha kuzuia msukumo wa umeme kinasaidia kama nyumba ina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) nzuri. Bila ethi ni pambo. Mwite fundi umeme apime, asikisie. Wingu likifunga, chomoa plagi, na chomoa pia waya wa dishi. Wengi husahau dishi, wakati radi hupita huko huko.

Kingine cha huku kwetu: vumbi la kiangazi na mijusi. Mjusi hupenda joto la amplifaya, huingia kwenye matundu, hugusa sehemu mbili za umeme kwa mpigo, na asubuhi unaniita. Wavu mwembamba nyuma ya kabati unazuia, mradi hewa ipite.

Kuna mtumba mzuri kutoka Japani. Ninunue?

Mtumba wa sauti naupenda sana, kwa hela moja unapata mashine ya daraja mbili juu. Ila Japani wanatumia volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 yetu, itawaka mara moja na ya mwisho. Soma nyuma: kama imeandikwa 100V, unahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha. Ya Marekani ni 120V, shida ile ile. Spika za zamani, bonyeza taratibu sponji inayozunguka koni. Ikimeguka kama mkate mkavu imeoza, lakini inabadilishwa na haigharimu sana, kwa hiyo itumie kushusha bei.

Seremala wangu ana mninga safi. Anichongee maboksi?

Mninga wetu ni mbao ya kuringia, nami ninayo meza yake. Kwa boksi la spika nashauri plaiwudi nene au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa), halafu mninga uwe veneri, yaani tabaka jembamba la kubandika juu, au fremu ya mbele. Mbao nzima hupanuka masika na kusinyaa kiangazi, viungo vinaachia, hewa inavuja na besi inakuwa na mluzi. Baba mmoja alikataa ushauri huu kwa sababu ya sura, na yale maboksi yanapendeza kweli, ila kila Septemba tunaziba nyufa.

Kabla ya msumeno kugusa ubao, tunahitaji namba za spika yenyewe. Wataalamu wawili waliofanya kazi Australia, Neville Thiele kwa kazi yake ya mwaka 1961 na Richard Small miaka ya 1970, walionyesha jinsi ya kukokotoa ujazo wa boksi na tundu lake kutokana na tabia za spika. Kila spika ya heshima huja na namba hizo. Boksi la kukadiria kwa macho hutoa besi ya noti moja, kila wimbo unavuma vile vile.

Majirani?

Besi hupita ukuta wa tofali kirahisi kuliko sauti ya mtu, na mapazia hayaizuii. Nchi yetu ina kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo, lakini kabla ya kufika huko kuna balozi wa nyumba kumi na kuna kukutana na jirani msibani. Risiva nyingi zina kitufe cha usiku kinachopunguza milipuko na kuinua maneno. Kitafute.

Nina milioni 6. Ungenigawia vipi?

Ningekuwa mimi: milioni moja kwa chumba, yaani zulia, mapazia, fremu za ukutani. Laki tano kwa ulinzi wa umeme na ethi. Milioni mbili na nusu kwa spika tatu za mbele, hapo usibane. Milioni moja kwa sabufa, milioni moja kwa risiva ya mtumba iliyopimwa. Spika za nyuma zisubiri mavuno yajayo. Wateja wengi huanza na mgawanyo wa kinyume chake: spika kumi za bei rahisi kila kona, na chumba kama bafu.

Basi ni nani unayeweza kumwambia anunue ya bei mbaya?

Mwenye chumba maalumu cha filamu, kisicho sebule ya kupitisha wageni. Chumba hicho kiwe kimeshashughulikiwa sauti na umeme, mwenyewe awe anaangalia filamu za ubora kamili, na hela hiyo isiwe ada ya mtu. Na yule anayependa kitu kizuri kwa sababu ni kizuri, kama wengine wanavyonunua ng'ombe wa pembe ndefu. Huyo sibishani naye, namsaidia tu asiibiwe. Anayetaka wageni washangae, namshauri anunue TV kubwa. Wageni hushangaa picha.

Nikinunua Kariakoo, nisafirishe vipi hadi Tabora?

Ifunguliwe na kuwashwa dukani mbele yako, kila chaneli, kila tundu, dakika thelathini hadi ipate moto. Piga picha namba za nyuma ya kila boksi. Udhamini uandikwe kwenye risiti, pamoja na nani atalipa nauli ya kurudisha, maana ni zaidi ya kilomita 800 na duka likisema "ilete" linamaanisha uilete kwa gharama yako. Spika ndefu zisafiri zimelala chali ndani ya maboksi yake ya asili; kwenye buti la basi mwambie kondakta magunia ya mchele yakae chini yake, yasikae juu. Ikifika, iache saa chache ipoe kabla ya kuichomeka, na nipigie kabla hujatoboa ukuta.